Kumwona Mnyama Kabla Hajakuona: Maarifa ya Mwindaji wa Uta katika Pori la Katanga

Mwanafunzi anayepewa kitabu cha uwindaji cha Kifaransa akitafsiri kwa Kiswahili hukwama kwenye jina la mnyama mwenyewe. Kifaransa kinasema cerf. Mnyama huyo hayupo Kongo, wala hakuna jamaa yake yeyote wa asili kusini mwa Sahara. Afrika nzima ina mmoja tu wa kuzaliwa huku, naye anaishi katika misitu ya milima mpakani mwa Algeria na Tunisia. Watafsiri wa Biblia walikutana na tatizo hilohilo, ndiyo maana katika Zaburi ya 42 Biblia ya Muungano inamtaja ayala, jina lililotoka Kiarabu, na wasomaji wengi wa Lubumbashi wameliimba kanisani miaka mingi bila kumjua mnyama huyo ana sura gani. Wengine huandika kulungu, wengine swala, wengine paa. Wote wanakopa jina la mnyama mwingine.

Tofauti si ya jina tu. Pembe za ayala ni mfupa wenye matawi, nazo hudondoka kila mwaka na kuota upya. Pembe za wanyama wetu, pongo, palahala, tohe, haziachi kichwa mpaka kifo. Kiswahili kinaziita zote pembe, na hapo mtafsiri asipoangalia anamwandikia msomaji wa Kasenga kwamba mnyama ametupa pembe zake kichakani, naye msomaji atacheka. Vitabu vya Marekani pia vinategemea sana majira ya kupandana, mwezi wa Novemba, ambapo dume huacha hadhari na kutembea mchana akitafuta jike. Shauri la namna hiyo halivuki bahari. Novemba kwetu ni mvua.

Lakini swali la msingi linavuka. Mwenye bunduki anaweza kupiga akiwa mbali. Mwenye uta anahitaji kufika mita 20 au 30, wakati mwingine chini ya hapo, na mnyama asijue. Kwa hiyo kazi yake kubwa si kulenga, ni kuona kabla ya kuonekana. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyofanyika katika pori letu la miombo, na maneno ambayo lugha zetu zimeiwekea. Niseme mapema kwamba si mwaliko wa kwenda kuwinda. Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali kwa kila mwindaji, na katika mbuga za taifa, Upemba na Kundelungu, hakuna uwindaji wa aina yoyote. Ila maarifa haya yanamfaa pia anayekwenda na daftari au kamera, maana mnyama hatofautishi uta na kamera.

Tuanze na pua. Macho ya mnyama yanaweza kudanganyika na masikio yake yanaweza kuzoea, lakini pua haidanganyiki. Mwindaji wa zamani hubeba majivu laini katika kifuko cha kitambaa. Akikitikisa kidogo, vumbi linaonyesha hewa inakwenda wapi, hata ile ambayo ngozi haiisikii. Katika Katanga ya kusini, wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo mkuu unatoka kusini-mashariki. Maana yake anayemfuata mnyama anapaswa kumwendea kutoka upande wa kaskazini-magharibi, uso wake ukielekea upepo. Sasa angalia jambo ambalo vitabu vya ng'ambo haviwezi kukuambia. Mwezi wa Juni na Julai jua letu linatua magharibi, kidogo upande wa kaskazini. Kwa hiyo alasiri, mwindaji aliyejiweka vizuri kwa upepo amejiweka vizuri kwa jua pia: mwanga uko mgongoni mwake, unamwangaza mnyama ubavuni, na mnyama akiinua kichwa kumtazama anapigwa na jua machoni. Asubuhi hakuna bahati hiyo, jua linatoka kushoto kwake na kumwangaza yeye mwenyewe. Nadhani hii ni sababu moja inayoifanya alasiri ya kiangazi kuwa na faida kuliko alfajiri, ingawa watu wengi husifu alfajiri.

Kuna hewa nyingine ndogo isiyofuata upepo mkuu. Jua likichomoza, ardhi ya mteremko inapata joto na hewa inapanda. Jua likishuka, hewa inapoa, inakuwa nzito, inateremka kama maji na kujikusanya bondeni. Aliyewahi kulala karibu na dembo mwezi wa Julai anaijua baridi hiyo. Dembo ndilo neno la huku kwa bonde pana lenye nyasi na maji yaliyotuama, lisilo na miti, na ndipo tohe na pongo wanapotoka kula jioni. Mwenye haraka atakaa juu ya mteremko ili aone mbali. Ataona mbali kweli, kisha hewa ya jioni itachukua harufu yake na kuiteremsha moja kwa moja mpaka kwa mnyama. Jioni mahali pema ni chini, pembeni mwa dembo, miti ikiwa nyuma yako. Asubuhi, jua likishapata nguvu, ndipo juu panafaa.

Baada ya pua, macho. Macho ya wanyama hawa yako pande mbili za kichwa, hivyo wanaona karibu pande zote bila kugeuka. Wanacholipa kwa faida hiyo ni kwamba hawaoni undani wa kitu kama sisi, na rangi nyekundu na ya kijani hazitofautiani sana kwao. Mtu aliyesimama kimya mbele ya shina la mti anaweza kuwa sehemu ya shina. Akisogeza mkono, amekwisha. Kwa sababu hiyo kanuni ya kunyatia ni moja: mnyama akiinamisha kichwa kula, songa, akiacha kutafuna, wewe umeshasimama. Hatua zenyewe zisiwe na mpigo. Hakuna mnyama mwingine porini anayetembea kwa miguu miwili, hatua baada ya hatua, kama saa ya ukutani. Hatua tatu, kimya kirefu, hatua moja, kimya, hatua tano: hivyo ndivyo anavyotembea mnyama anayekula, na hivyo ndivyo anavyopaswa kusikika mtu.

Kisha kuna macho ya mwindaji mwenyewe, na hapa ndipo mtu wa mjini anaposhindwa kabisa. Anatafuta mnyama mzima, mwenye kichwa na mkia, kama yule wa kwenye noti ya benki. Porini mnyama mzima haonekani. Kinachoonekana ni sikio linalopepesa nzi. Au mstari mlalo, mgongo, mahali ambapo miti yote imesimama wima. Au kitu cheupe chini ya mkia. Au mguu mwembamba ambao si kijiti. Wazee hufundisha kutazama kupitia kichaka, si kukitazama kichaka: jicho liache majani ya mbele, liingie katika nafasi zilizo kati ya majani, moja baada ya nyingine, kuanzia karibu na kuishia mbali. Kazi hii ni ya polepole sana. Anayeipenda atatumia robo saa kutazama mahali ambapo rafiki yake angepita kwa dakika moja, na mara nyingi pongo alikuwa pale tangu mwanzo.

Kiswahili kina maneno kamili kwa mambo haya, na inasikitisha kuona wanafunzi wa lugha wakiandika kuwinda kwa kila kitu. Kunyatia, au kunyemelea, ni kumwendea mnyama uliyekwisha kumwona, kwa siri. Kuvizia na kuotea ni kukaa umejificha ukimngoja aje. Kusaka ni kumtoa mafichoni, kwa watu wengi au kwa mbwa, na huyo hawezi kutarajia kuona mnyama aliyetulia. Kufuata nyayo ni jambo jingine tena. Ukiwa na maneno hayo unaweza kusema sentensi moja yenye maana: kwa uta, katika miombo yenye majani makavu, kuvizia kuna tija kuliko kunyatia. Vyombo navyo vina majina: podo ni mfuko wa mishale, upote ni kamba ya uta, wano ni mti wa mshale, chembe ni kile chuma cha mbele. Padre Charles Sacleux aliyakusanya mengi ya namna hii katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, na bado inafaa kuifungua. Uta wenyewe ni neno la familia pana: Wabemba husema ubuta, Waluba buta.

Kwa nini kuvizia? Kwa sababu ya majani. Miti ya miombo hupukutisha majani katika kiangazi, na mwezi wa Agosti ardhi imefunikwa na kitu kinacholia kama karatasi kila unapokanyaga. Anayetaka kunyatia angoje mvua za kwanza, Oktoba mwishoni au Novemba, majani yakilowa na kulainika. Kabla ya hapo ni bora miguu itulie na mnyama ndiye atembee. Basi swali linakuwa: akae wapi?

Jibu linabadilika na mwezi, na anayejua kalenda ya chakula ana nusu ya kazi mkononi. Kiangazi kikikaza, maji yanabaki mahali pachache, na njia zote za wanyama zinaelekea huko. Baada ya moto wa mapema, ule wa Mei au Juni, nyasi za kudumu za dembo huchipua tena kutoka mizizini hata kabla ya mvua, na kijani hicho kidogo katikati ya ardhi nyeusi huwavuta wanyama kutoka mbali. Agosti na Septemba miti yenyewe inatoa majani machanga, mekundu kama shaba, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Walao majani huyafuata. Halafu matunda: mpundu kuanzia Septemba hivi, masuku mvua zinapoanza. Chini ya msuku uliopukutisha matunda yaliyoiva, nsya, ambaye Kibemba kinamwita mpombo, hupita karibu kila siku. Mwindaji hahitaji kumfuata. Anahitaji kujua msuku upi.

Na kuna vichuguu. Mgeni anaposafiri kwenye barabara ya Kipushi au ya Likasi huvishangaa vilima vile vya mchwa, vingine vyenye kimo cha mita 8 na miti juu yake. Sisi tunavijua zaidi kama udongo wa matofali. Udongo wa kichuguu una madini mengi kuliko ardhi inayokizunguka, mimea yake ni tofauti, na wanyama huja kula majani yake na hata kulamba udongo wenyewe. Kwa mvizia, kichuguu ni vitu vitatu pamoja: mahali pa kupata alama, mahali pa kujificha, na jukwaa la kutazamia. Lakini asisimame kileleni. Mtu aliye kileleni amechorwa juu ya anga. Akae ubavuni, chini ya ukingo, kichwa kikifunikwa na kijani cha nyuma. Dungu, kile kitanda cha juu cha kulindia shamba, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: harufu inapita juu, na wanyama hawa hutazama juu mara chache kuliko pembeni.

Alama zinasomwa kwa umri. Unyayo wenye kingo kali uliokanyaga umande ni wa leo. Uliovukwa na nyayo ndogo za wadudu wa usiku ni wa jana au zaidi. Samadi yenye unyevu na mng'ao inasema mnyama yuko karibu, iliyokauka na kupauka inasema anapita hapa lakini si sasa. Hizi ni habari mbili tofauti na zote zina thamani. Ya kwanza inakwambia ukae kimya mara moja. Ya pili inakwambia urudi kesho saa ileile.

Wanaovizia kwa ustadi mkubwa hadi leo katika Afrika ya Mashariki ni Wahadza, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, watu wapatao elfu moja na kitu, wenye lugha ya vidoko ambayo wataalamu hawajaiunganisha na familia yoyote. Wengi wao huzungumza Kiswahili pia. Mwisho wa kiangazi, maji yakibaki kwenye mashimo machache, Wahadza hujenga maficho ya mawe au matawi karibu na maji na kungoja usiku. Mishale yao ya wanyama wakubwa ina sumu, moja wanayoiita panjube. Mshale wa sumu hauui papo hapo, hivyo mwindaji hapaswi kukimbilia. Anangoja, kisha anafuata nyayo. Yaani kuona kwao kuna sehemu mbili, kabla ya mshale na baada yake, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Vitabu vya tafsiri husahau sehemu hiyo.

Katika misitu mikubwa ya kaskazini mwa nchi yetu, Wambuti na jirani zao wana njia nyingine: wanamwita mnyama. Mwindaji anabana pua na kutoa mlio wa kukoroma na kulia, kama mtoto wa paa aliye taabuni, na yule paa mdogo wa buluu anakuja mwenyewe kuona kuna nini. Msituni ambako jicho halifiki mita kumi, sauti ndiyo inayofanya kazi ya macho. Kwa mwanafunzi wa fonetiki hapo kuna kazi nzuri ambayo sijaona mtu wa kitivo hiki akiishika: mlio huo si neno, lakini unafundishwa, unasahihishwa, na mwenye kuukosea anajulikana. Paa huyohuyo ndiye Kabuluku wa hadithi za Waluba wa Kasai, yule mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili, kazi ambayo pwani amepewa sungura. Kwamba mnyama anayeitika mwito wa mwindaji ndiye amefanywa mjanja kuliko wote katika hadithi ni jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria.

Katanga yenyewe imemweka mwindaji mahali pa juu zaidi. Katika masimulizi ya Waluba, Mbidi Kiluwe anakuja kutoka mashariki akiwinda, anafika kwa Nkongolo, na mwanawe Kalala Ilunga ndiye anayeanzisha ufalme mpya. Magharibi, kwa Walunda, Chibinda Ilunga ni mwindaji Mluba anayeolewa na malkia Lueji, au tuseme anayemwoa. Wasimulizi wenyewe hawakubaliani nani alimpokea nani. Jina lake linasema kazi yake: katika Kibemba icibinda ni mwindaji stadi. Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walimchonga akiwa na fimbo na pembe ya dawa, miguu imara, mikono mikubwa, na pua pana zenye kuvuta hewa. Watu wa sanaa huzieleza pua hizo kwa namna nyingi. Aliyewahi kukaa pembeni mwa dembo akinusa upepo hahitaji maelezo marefu. Wafalme wa Kiluba nao walikuwa na vishikilia uta vya kuchongwa, vyenye matawi matatu, mara nyingi juu ya umbo la mwanamke, vilivyotunzwa pamoja na hazina ya ufalme. Havikwenda porini.

Kwa nini basi maarifa haya yanapungua? Jibu la haraka ni bunduki, nalo ni kweli kwa sehemu. Mimi naona adui mkubwa zaidi ni waya. Mtego wa waya hauhitaji kujua upepo, wala mwezi wa masuku, wala umri wa unyayo zaidi ya kujua kwamba hapa kuna njia. Unatega hamsini, unarudi baada ya siku mbili, na waliooza unawaacha. Mwindaji wa uta anachagua: anamwona mnyama, anatambua kama ni jike lenye mimba, anaweza kumwacha. Waya hauoni. Ongeza makala, yaani miti inayokatwa kila siku kulisha majiko ya Lubumbashi, na unaelewa kwa nini pori la karibu na mji lina nyasi na visiki lakini halina pongo. Kijana wa kijiji kilicho kilomita 30 kutoka hapa anaweza kukua bila kumwona mnyama mkubwa kuliko panya wa mashambani, na babu yake akimwambia palahala, ni jina tu, kama ayala kanisani.

Hali ni mbaya hata pale penye ulinzi. Katika mabwawa ya Upemba anaishi mnyama wa maji aliyetenganishwa na jamaa zake na kupewa jina la kisayansi, Kobus anselli, mwaka 2005 tu, kwa kuchunguza vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye majumba ya makumbusho. Waliobaki hai ni wachache mno. Upemba ilitangazwa mbuga mwaka 1939, Kundelungu mwaka 1970, na walinzi wa ICCN wameuawa kazini wakizilinda.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wenzetu wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo. Wazee waliowinda kwa uta bado wapo, Kasenga, Mitwaba, Sakania, Pweto, lakini si kwa miaka mingi. Usiende na orodha ya majina ya wanyama ukiuliza huyu anaitwaje. Utapata majina, na majina tumeshakusanyiwa mengi, pamoja na yale ya profesa François Malaisse katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya vyakula vya msitu wa miombo. Uliza vitenzi. Mwombe mzee akueleze, kwa lugha yake, siku nzima ya kuvizia kando ya dembo, kuanzia majivu ya alfajiri. Atakapokuwa anasema juu ya hewa inayoshuka jioni, atatumia neno ambalo halimo katika kamusi yoyote ya maktaba yetu. Hapo usimkatize kuuliza maana. Acha kinasa sauti kiendelee, na swali liulize mwishoni, akishakunywa maji. Na mkiweza kwenda pamoja porini, hata bila uta, hata kama hakuna mnyama atakayetokea, mwache yeye atangulie na wewe utazame anaposimama.